Jiwe la Urati

Jumanne, tarehe 4 Machi
Mawingu mazito alfajiri, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua kali.

Mdogo wangu Dakika,

Salaam nyingi kutoka chumbani kwangu juu ya duka la vitabu. Mimi mzima, ila mafua yameniachia kikohozi cha kuudhi. Mwenye nyumba bado anaahidi kuziba bomba, nami bado naweka beseni chini yake. Koti la maabara ambalo Baba alinishonea kabla hajafunga cherehani yake limekuwa gumzo hapa. Wenzangu wanauliza fundi yuko wapi, nawaambia amestaafu, wanasikitika kama wamefiwa. Mwambie hivyo, atafurahi. Mwambie pia mtihani wa fundi sanifu umepangwa Ijumaa tarehe 23 Mei. Miaka kumi na moja nimeosha chupa na kuwaandikia wengine majibu kwenye rejista. Nikifaulu, nitapima mwenyewe na kutia sahihi yangu. Safari hii sitaukosa.

Sasa jambo lenyewe. Kisanduku chako cha vipuri vya saa kilifika jana, na ndani yake, juu ya pamba, jiwe. Nililia kidogo, nikacheka kidogo. Nani mwingine angetoa jiwe kwenye mkojo wake, akalitazama kwa lenzi ya jichoni, halafu akaniandikia: "kipenyo milimita 4.2, rangi ya chai ya rangi, uso laini, halina mkwaruzo"? Unaandika kana kwamba unaliuza.

Unasema daktari wenu anaamini ubavuni limebaki jingine kubwa zaidi, kwamba picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na kwamba maumivu yasipokwisha atapasua. Hilo neno "atapasua" umeliandika kwa herufi ndogo kuliko mengine. Nimeliona.

Nilisubiri wenzangu watoke kwenda kula. Nikavunja kipande kama kichwa cha pini, nikakisaga, nikakiweka kwenye kibakuli cha kauri pamoja na tone la asidi ya nitriki, nikakausha juu ya moto mdogo. Likabaki doa la rangi ya chungwa. Nikalisogezea chupa ya amonia, na doa likageuka zambarau kama ganda la bilinganya. Sikujua kuwa Mkuu wa maabara amesimama nyuma yangu.

"Urati hiyo," akasema. "La nani?"

"La mdogo wangu."

"Ana bahati. Mengi tunayoletewa ni ya oksalati, meusi, yana miiba, na hayo dawa yake ni kisu. La urati huyeyuka."

Umesikia, Dakika? Huyeyuka. Ndiyo maana hata picha haikuliona: mwanga wa eksirei hulipita jiwe la namna hii kama unavyopita nyama. Lakini daktari wa wodi ya wanaume, ambaye amekubali kunisaidia, anataka kwanza majibu haya. Nijibu kwa namba. Moja, maumivu yako wapi na yakoje? Mbili, unakunywa maji kiasi gani? Tatu, una presha? Nne, kuna kiungo kimewahi kuvimba? Tano, chakula gani hukosi?

Dada yako,
Chupa

---

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Shikamoo, Dada Chupa, mwenye maswali kama polisi wa barabarani.

Sisi huku wazima. Dukani kazi ipo. Juzi mama mmoja ameleta saa ya ukutani, anasema imesimama bila sababu. Nimeifungua, nimekuta mjusi ametaga ndani, mayai matatu, yamepangwa vizuri kuliko gia zenyewe. Nikamwuliza nimtoze kwa saa au kwa ukunga. Hakucheka.

Mzee hajambo. Alifurahi kusikia habari za koti. Tarehe ya mtihani ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na mtu yeyote haruhusiwi kufuta.

Majibu. Moja: ubavu wa kushoto, yanakuja kama mtu anayekaza skrubu, analegeza, anakaza tena. Mbili: maji kidogo. Nne: kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba mwaka jana, kikawa chekundu, hata shuka ilikuwa haiguswi. Kilipona chenyewe. Tano: maini. Unajua nyumba hii na maini.

Sasa nami nina swali. Hiyo urati ni nini hasa? Mzee anauliza, yaani mimi nauliza na Mzee naye alikuwepo. Nimesoma barua yako mara mbili kwa sauti. Daktari wa huku anasema ni chumvi. Kama ni chumvi, imeingiaje ubavuni bila mtu kuilamba? Eleza pole pole, kama unaeleza mtu ambaye hakwenda shule ya sekondari.

Na tafadhali usijisumbue kuja. Soma vitabu vyako.

Mdogo wako,
Dakika

---

Alhamisi, tarehe 27 Machi
Asubuhi tulivu, ukungu mpaka saa mbili, joto mchana.

Mdogo wangu,

Marahaba. Mjusi wako amewachekesha watu wanne hapa, mmoja wao ni Mkuu, ambaye huwa hacheki kabla ya mshahara. Kikohozi kimekwisha. Bomba halijakwisha.

Sijui kwa nini ufundishwe kama mtu ambaye hakwenda sekondari wakati tulikalia dawati moja kwa kupishana miaka saba, jina langu likiwa limechongwa juu yake. Lakini haya.

Chumvi siyo ile ya mezani peke yake. Kila asidi ikikutana na kitu cha kuizima, ule ukali unaisha na kinachozaliwa huitwa chumvi. Jina la kwanza la chumvi linakuambia imetoka kwenye asidi gani. Asidi ya nitriki huzaa nitrati. Asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye malimau, huzaa sitrati. Na mwili wetu unapovunjavunja chakula, hasa nyama na maini, hutoa asidi ya yuriki, na hiyo huzaa urati. Kwa hiyo hakuna aliyelamba. Tunaitengeneza wenyewe, kila siku, na figo huitoa. Ule weupe kwenye kinyesi cha kuku ni hiyo hiyo.

Mkojo ukiwa mchachu mno, au maji yakiwa machache, inashindwa kubaki ndani ya maji. Inaganda. Ikiganda kwenye figo ni jiwe. Ikiganda kwenye kiungo ni jongo, na hicho ndicho kidole gumba chako kilichokataa shuka. Daktari alikunja uso kidogo niliposema una miaka thelathini na miwili, maana jongo hupenda wazee, lakini akasema hutokea. Maabara nyingi huandika "urati" tu kwa kundi lote, asidi na chumvi zake, kwa sababu tiba ni moja.

Tiba yenyewe: punguza uchachu wa mkojo, jiwe litayeyuka kidogo kidogo kama sukari guru ndani ya maji ya uvuguvugu. Maji lita tatu kwa siku. Maini basi. Na baikaboneti ya sodiamu, yaani magadi soda ya waokaji, nusu kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji, asubuhi, mchana na jioni. Nimeweka ndani ya bahasha karatasi za kupimia uchachu na kadi yake ya rangi. Chovya, linganisha, andika namba. Tunataka kati ya sita na nusu na saba. Chini ya hapo halitayeyuka, juu ya saba litaota jiwe la aina nyingine. Niandikie jedwali la wiki nne, mara tatu kwa siku. Usinidanganye kwa kujaza siku ya mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya na daftari la hali ya hewa la mwalimu wa jiografia.

Namba tatu uliiruka. Nimemjibia daktari mwenyewe kwamba huna presha, maana nilikupima kwa mikono yangu ulipokuwa unazimia zimia kwenye msiba wa Mama.

Neno moja muhimu. Chumvi ina jina la pili, la kile ambacho asidi imeungana nacho: urati ya sodiamu, sitrati ya potasiamu. Kwa jiwe lako jina la pili si kitu. Lakini kwa mwenye presha, kama Baba, sodiamu nyingi ni hatari. Inashika maji mwilini, miguu inavimba, moyo unalemewa. Kwa hiyo kopo lako la magadi liweke mbali na Baba, asije akalidhania dawa ya kiungulia. Na niambie habari zake. "Mzee hajambo" ni maneno mawili, na ndiyo yote niliyopata.

Dada yako,
Chupa

---

Jumatano, tarehe 30 Aprili
Mvua usiku kucha, asubuhi barabara imegeuka mto, nimefika kazini nimebeba viatu.

Dakika,

Salaam. Wiki tano hakuna barua. Jina hili alikupa Baba kwa sababu kila ukiitwa ulisema "dakika moja", na naona hujalichosha bado.

Jedwali liko wapi? Maumivu yakoje? Nimebakiza siku ishirini na tatu. Nasoma jioni mpaka herufi zinaanza kutembea, kisha nalala macho wazi nikifikiria ubavu wako. Daktari huniuliza kila Jumatatu, nami namjibu, "Bado." Kama hukunywa dawa, niambie hukunywa, nitakugombeza na tutaanza upya. Kimya ndicho nisichoweza kukipima.

Baba anaendeleaje? Nauliza mara ya pili.

Chupa

---

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Shikamoo, Dada.

Nisamehe. Nilikuwa nasubiri jedwali lijae, na limejaa kwa haki, hakuna siku iliyoghushiwa. Liko nyuma ya karatasi hii. Habari njema: maumivu yamepungua sana. Wiki jana skrubu haikukazwa hata mara moja. Na kwenye chombo kunaonekana mchanga mchanga wa rangi ya chai, nimeutazama kwa lenzi, ni kitu kile kile. Linayeyuka! Daktari wa huku ameacha kutaja kisu.

Maini yamepigwa marufuku nyumbani. Mzee ananuna mlangoni kama mtoto aliyenyimwa mpira. Ile habari ya kuku imemgusa. Anasema kama ni hivyo basi kuku wote ni wagonjwa, na hakuna anayewapasua.

Mzee siku hizi anavaa kandambili tu, anasema viatu vimesinyaa kwa mvua. Na amehamia kulala kwenye kile kiti kirefu cha sebuleni, ameegemea mito. Mgongo, anasema. Mengine ni yale yale. Duka ni lile lile. Ameniambia nikukumbushe kulala mapema kabla ya mtihani, na usiwe na wasiwasi na sisi.

Mdogo wako,
Dakika

---

Jumamosi, tarehe 17 Mei
Asubuhi baridi, anga safi. Barua yako imefika saa nne.

Dakika,

Leo sisalimii. Barua hii anakuletea dereva wa gari la magazeti, kwa sababu posta itachukua siku nane na simu ya posta yenu nimeipiga mara sita, laini imekatika. Ukiipata, isome ukiwa umesimama.

Baba aache magadi leo. Asimalizie hata glasi iliyomo mkononi.

Nimekaa na jedwali lako dakika chache tu. Wewe unaandika milimita 4.2. Tangu darasa la tatu unaandika kwa nukta, hata umri wako uliwahi kuuandika kwa nukta. Jedwali hili limeandikwa "6 na robo", "6 na robo tatu", na Jumapili ya pili jioni, "7 kasoro uzi". Kadi ya rangi niliyokutumia haina robo. Haina uzi. Yuko mtu mmoja tu aliyeitazama rangi kati ya mbili na kuikadiria kama anapima kiuno cha suruali, na mtu huyo amenifunga vifungo vya sare ya shule.

Kisha nikasoma tena ulichoandika. Viatu havisinyai kwa mvua, Dakika. Na mtu hahamii kulala ameegemea mito kwa sababu ya mgongo. Anahama kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Wiki sita anakunywa sodiamu juu ya presha, kwa maelekezo yangu, kwa mwandiko wangu.

Nimemkimbilia daktari wa wodi. Anasema hivi, na fuata kwa mpangilio. Magadi yaachwe. Apelekwe hospitali leo hii, Jumapili au si Jumapili, aonyeshe miguu na kifua, ataje dawa zake za presha na magadi aliyokunywa, kiasi gani na siku ngapi. Jiwe bado linaweza kuendelea kuyeyushwa, kwa sitrati ya potasiamu badala ya sodiamu, lakini asipewe mpaka damu ipimwe na figo zionekane zinafanya kazi. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hujaa na kuusimamisha moyo. Usinunue mwenyewe dukani. Asiguse chumvi yoyote, wala ya mezani.

Dereva atarudi kesho kutwa. Nijibu kupitia kwake, kwa namba. Moja, miguu imevimba mpaka wapi? Mbili, anapumuaje? Tatu, presha yake ni ngapi? Safari hii usiruke hata moja.

Chupa

---

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Dada,

Shikamoo. Dereva alinikabidhi barua jana saa moja asubuhi, nikiwa nafungua mlango. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma kwa Mzee. Nilipofika kwenye sare ya shule akavua miwani.

Moja: miguu imevimba mpaka chini ya magoti, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Mbili: akilala chali anakohoa, akikaa anapumua. Tatu: mia moja tisini na tano kwa mia moja na kumi. Wamemlaza. Wamempa dawa ya kutoa maji, na amekuwa akikojoa tangu jana kama bomba la chumba chako. Leo asubuhi mia moja sitini na nane. Amelala chali saa mbili nzima. Damu imechukuliwa, ila mashine ya hapa mbovu, imepelekwa hospitali kubwa, majibu Ijumaa.

Sasa nikuambie yote. Jiwe lilikuwa lake tangu mwanzo. Lilimtoka Februari, nikamkuta amekaa sakafuni chooni, analishika kwenye kiganja. Nikasema tunamwandikia Dada. Akasema, "Andika, lakini sema ni la kwako." Nikakataa. Akasema, "Miaka mitatu iliyopita aliacha mtihani akaja kumuuguza mama yenu. Mtihani ulipita, na mama yenu hakubaki. Akisikia ni mimi, atakuja kesho. Akisikia ni wewe, atakutukana kwa barua na kuendelea kusoma." Nikaona kuna ukweli ndani yake.

Namba tatu niliiruka kwa sababu sikuweza kuandika "sina" wala "ninayo". Nilidhani utagutuka, uulize tena. Ukajijibu mwenyewe, nikashukuru, na ndipo kosa langu lilipo.

Na ile barua ya Machi, yenye habari za kopo na Baba. Niliisoma kwa sauti mezani. Nilipofika kwenye mstari ule nikanyamaza. Mzee akasema, "Endelea." Nikasema, "Mzee, hapa anasema—" Akasema, "Nimesikia anachosema. Magadi nimekunywa maisha yangu yote kwa ajili ya tumbo. Endelea kusoma." Nikaendelea. Maumivu yalipoanza kupungua nikajiambia labda yeye ndiye anajua. Miguu ilipovimba, aliniambia ni joto. Kulikuwa na mvua, Dada, na mimi nikakubali ni joto.

Sina cha kujitetea. Nimekaa hapa kwenye benchi la wodi na kibano changu mfukoni, sijui hata kwa nini nimekibeba.

Mzee ananiamrisha niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie nimekubali sindano. Nimekubali kulazwa na hawa watoto wanaoniita babu. Nimekubali kuacha maini na kuacha chumvi. Na yeye akubali kitu kimoja tu, asije kabla ya Ijumaa. Akija Alhamisi, navua hili gauni lao na kurudi nyumbani kwa miguu."

Anaweza kufanya hivyo. Unamjua.

Mdogo wako,
Dakika

---

Jumamosi, tarehe 24 Mei
Asubuhi upepo mwanana, mawingu machache upande wa mashariki, jua la kiasi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu Machi nimekuwa nikikuandikia bila kujua, kupitia jina la mwanao. Leo nakuandikia wewe.

Barua ya Dakika niliipata Jumanne. Saa nne na dakika kumi nilikuwa mbele ya meza ya Mkuu na karatasi ya kuomba ruhusa ya siku saba. Akaisoma taratibu.

"Unakwenda kumtibu?" akaniuliza.

"Hapana, ana daktari."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kumwangalia."

"Na yeye anataka kuangaliwa lini?"

Nikasema, "Jumamosi." Akanirudishia karatasi. Sikuichana. Niliikunja nikaitia mfukoni, ili nijue ninaweza kuitoa wakati wowote, na nikarudi kwenye chupa. Nilikukasirikia sana, Baba. Ulinitajia masharti kama mteja anayetaka suti kabla ya harusi. Lakini ulikuwa umenitajia ukweli pamoja nayo, kwa mara ya kwanza tangu Februari, na mtu akinipa vipimo vya kweli naweza kufanya kazi.

Mtihani ulichukua saa sita, tatu za kuandika na tatu za vitendo. Saa ya kwanza ya vitendo nilimwaga tone mezani. Nilikuwa sijui majibu ya damu yako. Nilijua tu kwamba yametoka au yanatoka, mahali fulani, na mtu kama mimi anayaandika kwenye rejista. Nikafuta meza, nikaanza tena. Sijui kama nimefaulu. Najua sikuacha swali hata moja.

Jioni saa kumi na moja nilipotoka, dereva wa gari la magazeti alikuwa amekaa langoni, na kipande cha gazeti mkononi, pembeni Dakika ameandika: "Figo zote mbili zinafanya kazi. Potasiamu sawa. Wameanza kumpa sitrati. Miguu imerudi, mifupa inaonekana. Amegombana na muuguzi kuhusu pindo la pazia." Nilikaa chini pale pale langoni. Watu walidhani nimeanguka mtihani, mama mmoja akaniletea maji na kuniambia mwakani si mbali.

Nina mambo mawili ya kukuambia.

La kwanza, kosa langu. Dakika anajilaumu, na wewe pengine unajilaumu, ingawa sitegemei useme. Lakini swali la tatu lilirudi likiwa tupu, na mimi nikalijaza. Kwa kazi yangu hilo halifanyiki. Sampuli isiyo na jibu huandikwa "haina jibu", hata kama ni ya mtu unayempenda, tena hasa kama ni ya mtu unayempenda. Nilimjua sana mdogo wangu mpaka nikaacha kumwuliza. Nimeliandika kosa hilo kwenye shajara yangu kwa tarehe yake, na nimeenda kumweleza daktari wa wodi, ambaye naye alikuwa ameamini maneno yangu. Nisamehe, Baba.

La pili ni hili ulilosema, kwamba mtihani ulipita na Mama hakubaki. Umelibeba miaka mitatu kama hasara yangu. Haikuwa hasara. Nilikaa naye siku kumi na tisa. Nilimwosha nywele. Alinifundisha, akiwa hawezi hata kushika kikombe, jinsi ya kukunja shuka la kona zenye mpira, na tulicheka mpaka wewe ukaja kutuuliza kuna nini. Mtihani umerudi mwaka huu, umeona mwenyewe. Usinihesabie tena kitu ambacho mimi sikukihesabu, na usinifiche maumivu yako ili nipate cheti. Kama ungekufa mwezi huu kwa dawa niliyoiandika mimi, ningekifanyia nini hicho cheti? Ningekitundika wapi?

Ukiumwa, niandikie wewe, kwa jina lako. Kuja au kutokuja nitaamua mimi. Mara nyingine sitakuja. Naweza kukaa bila kuja, nimejiona wiki hii.

Safari hii nakuja. Mkuu ametia sahihi karatasi ile ile, imekunjamana lakini ni halali. Basi ni Jumatatu saa kumi na mbili alfajiri, nitafika kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Nitataka kuona miguu yako mwenyewe na kubonyeza mwenyewe, kwa hiyo usivae soksi. Mwambie Dakika anipokee, na aje kwa wakati, hata kama ni mara hii tu maishani mwake. Sina hasira naye. Nina hasira kidogo. Itaisha njiani.

Jumatatu hiyo hiyo nitakueleza habari ya sitrati, kwa nini inatoka kwenye malimau na bado inaondoa uchachu, maana najua utauliza, na najua utasema haiwezekani.

Mwanao,
Chupa

Nimeongeza Jumapili asubuhi, mvua nyepesi: barua hii ilikuwa iende jana usiku na gari la magazeti. Nilikaa kitandani kuifunga bahasha, nikasema nipumzishe macho kwanza. Gari liliondoka bila barua, kwa hiyo nitaileta mwenyewe. Mara ya mwisho kutazama saa ilikuwa saa moja na dakika ishirini jioni. Nimelala mpaka asubuhi, viatu miguuni.